Kukomaa na Kisichoota

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita, lakini jikoni kwake hali ilikuwa ngumu. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia vilitolewa kwa mgawo. Ndipo Frank Samuel, mmoja wa wakuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipoipelekea serikali ya Clement Attlee wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na John Wakefield ukaja kukagua ardhi, ukakaa kwa muda usiofika miezi mitatu, ukaondoka na mpango mkubwa ajabu: ekari milioni 3.21, zimegawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, 80 kati yake Tanganyika na yaliyobaki Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ilianzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, na hakukutangulia shamba la majaribio.

Waliosoma historia ya Tanganyika wanakijua kilichofuata. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yamechoka kabla hayajafika shambani, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ilikataa kung'oka. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Kiangazi kikiingia hukauka ukawa tofali, majembe yakavunjika na karanga zilizokomaa zikabaki ardhini bila namna ya kuzichimbua. Mvua nayo ikafanya kama inavyofanya siku zote Ugogo, ikaja ilipotaka. Hilo Wagogo hawakuhitaji kuelezwa na mtaalamu yeyote, maana njaa waliyoiita Mtunya, ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa bado kwenye kumbukumbu za watu wazima. Katika hesabu za London kumbukumbu hizo hazikuwa na safu.

Kushindwa kwa mradi si ajabu. Miradi hushindwa kila siku. La ajabu ni muda uliopita kati ya kujulikana na kukubaliwa. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, ekari zilizopandwa hazikufika hata sehemu ya kumi ya lengo, na sababu zilikuwa wazi kwa yeyote aliyesimama shambani. Lakini mwaka 1948 shirika jipya la serikali, Overseas Food Corporation, lilikabidhiwa kazi na ikaendelea, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo likapunguzwa, ratiba ikasogezwa mbele, Waziri wa Chakula John Strachey akautetea mpango bungeni. Serikali ilikuja kukiri Januari 1951 kwamba mpango umekwisha, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Katika miaka hiyo mitatu fedha iliyokwisha kumwagwa iligeuka kuwa sababu ya kumwaga nyingine. Tukiacha sasa, si tutakuwa tumepoteza zote?

Jibu ni kwamba zilikuwa zimeshapotea. Wanauchumi huziita gharama za namna hii gharama zilizozama: fedha, muda au jasho ambalo limekwisha kutumika na halirudi hata ufanye nini. Kanuni yao juu yake ni fupi na inaudhi kidogo. Gharama iliyozama haina haki ya kupiga kura katika uamuzi wa leo. Ukiwa njia panda, vya kupima ni viwili tu: kuanzia sasa, njia hii itanigharimu nini na kunipa nini, na ile nyingine itanigharimu nini na kunipa nini. Yaliyotumika jana yako sawasawa katika njia zote mbili, kwa hiyo hayawezi kuifanya moja iwe bora kuliko nyingine.

Wahenga wetu walituachia methali kwa pande zote mbili. Upande mmoja wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga; upande wa pili, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ya pili tunaitumia zaidi kupatanisha wagombanao, mara chache sana kupanga maisha. Linapofika suala la masomo, kazi au biashara, tunaishika ile ya kwanza na kuivalia joho la heshima. Mtaani neno lake siku hizi ni "komaa". Komaa na chuo, komaa na kazi, komaa na duka. Ninavyoona mimi, ushauri huo mara nyingi ni mzuri, ila hutolewa kwa sababu mbovu, na sababu hiyo mbovu ndiyo huufanya utolewe hata pale unapoangamiza.

Si nadharia tupu. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha majaribio ambayo hadi leo hutajwa kila mada hii inapoguswa. Katika moja waliwaambia wanafunzi wawaze kwamba wamenunua tiketi mbili za safari ya kuteleza kwenye theluji, moja kwa dola 100, nyingine kwa dola 50, na kwamba hii ya dola 50 ndiyo wanayoamini watafurahia zaidi. Kisha wanagundua kwamba safari zote mbili ni wikendi ile ile, na tiketi hazirudishwi wala haziuziki. Fedha zote 150 zimekwenda. Lililobaki ni kuchagua pa kufurahia. Zaidi ya nusu walichagua ile ya dola 100, yaani walichagua kufurahi kidogo ili kuiheshimu bei. Katika jaribio jingine, safari hii la kweli, watu waliokuwa wakinunua tiketi za msimu mzima wa michezo ya kuigiza katika Chuo Kikuu cha Ohio walipewa kwa bahati nasibu ama bei kamili ya dola 15 ama punguzo. Waliolipa bei kamili walihudhuria michezo mingi zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu, ingawa michezo ilikuwa ile ile na viti vile vile. Nusu ya pili tofauti hiyo ilififia. Tulitazame hilo kwa makini: uchungu wa gharama una muda wake, hupungua. Anayefanya uamuzi uchungu ukiwa mbichi ana hatari kubwa kuliko anayengoja upoe.

Barry Staw naye, mwaka 1976, aliuliza swali linalogusa zaidi dunia ya kazi. Aliwapa wanafunzi 240 wa biashara nchini Marekani kampuni ya kubuni na fedha za kuwekeza katika mojawapo ya idara zake. Baadhi walichagua idara wenyewe. Wengine waliambiwa kwamba mtangulizi wao ndiye aliyechagua. Baadaye wakapewa dola milioni 20 nyingine za kugawa. Waliokuwa wamechagua wenyewe, na chaguo lao likaharibika, waliipa idara ile ile iliyofeli takriban milioni 13. Waliorithi chaguo la mtu mwingine lililofeli waliipa chini ya milioni 10. Hasara ni moja, taarifa ni zile zile. Kilichoongeza dau ni kuona jina lako limeandikwa juu ya kosa. Kwa hiyo si fedha peke yake inayotufunga. Tunafungwa na haja ya kuonyesha kwamba hatukukosea, na kwa nje haja hiyo inafanana sana na uvumilivu.

Hapa inafaa kuwa mkweli kuhusu uzito wa ushahidi wenyewe. Majaribio ya darasani ni majaribio ya darasani. Staw, akiwa na Ha Hoang, alilifuata jambo hili nje ya darasa mwaka 1995, kwa kuchunguza wachezaji wa mpira wa kikapu wa kulipwa Marekani, akaona waliochaguliwa mapema zaidi walipokuwa wakisajiliwa walipewa dakika nyingi uwanjani hata pale uchezaji wao ulipolingana na wa wengine. Miaka minne baadaye Colin Camerer na Roberto Weber wakairudia kazi hiyo kwa vipimo vikali zaidi, wakaona jambo lenyewe lipo lakini ni dogo kuliko lilivyodhaniwa. Kwa hiyo binadamu si mtumwa wa gharama iliyozama kila saa. Ni mwelekeo, kama ulivyo mwelekeo wa kula zaidi ya shibe; na mwelekeo ukishajulikana unaweza kudhibitiwa.

Sasa tulilete hili nyumbani. Tanzania kijana anapangiwa tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha tano kwa sababu alifaulu baiolojia na kemia, na kwa sababu nyumbani neno "daktari" lilishatamkwa mbele ya wageni. Akifaulu tena anaingia chuo cha tiba, miaka mitano na mwaka wa mafunzo kwa vitendo juu yake. Mwaka wa pili anagundua kwamba wodini hapamfai, na kwamba anachokipenda na kukiweza ni takwimu za afya, au hata si afya kabisa. Swali analojiuliza karibu kila kijana wa namna hiyo, na ambalo wazee humuuliza kwa sauti kubwa zaidi, ni hili: miaka yote hii itapotea bure? Swali hilo haliwezi kumsaidia, kwa sababu jibu lake halibadiliki akikaa wala akiondoka. La kuuliza ni jinsi miaka mitatu au minne iliyobaki ya udaktari, na miaka thelathini ya kazi baada yake, inavyolingana na miaka hiyo hiyo ikitumika kwingine. Pengine hesabu itamwambia abaki. Lakini iwe ni hesabu ya miaka iliyobaki, isiwe msiba wa iliyopita.

Sura ni ile ile kwa mwenye duka aliyelipa kodi ya fremu miezi sita mbele na sasa anauza hasara kila wiki. Kodi imekwenda, hilo halina mjadala. Lakini kila mzigo mpya anaonunua "ili kodi isipotee" ni fedha mpya inayokwenda kuzika ya zamani. Akihamishia mtaji uliobaki kwenye bidhaa inayotoka, au hata akifunga fremu na kuuzia nyumbani mpaka mkataba uishe, huenda akanusurika. Wengi hawafungi, kwa kuwa fremu iliyofungwa inaonekana na majirani na hasara ya ndani ya daftari haionekani.

Pingamizi la kwanza analijua kila mzazi: mkiwafundisha vijana hivi, hakuna atakayemaliza chochote. Kila jambo la maana lina kipindi chake kigumu. Anayejifunza ushonaji huharibu vitambaa kabla hajashona gauni, na mwaka wa kwanza wa kazi yoyote ni wa kudharauliwa. Pingamizi hili ni la haki, na halipingani na kanuni hata kidogo. Kipindi kigumu ambacho mbele yake kuna mavuno ni gharama ya siku zijazo yenye faida ya siku zijazo. Hiyo ndiyo tuliyosema ipimwe. Mwanafunzi aliyebakiza muhula mmoja anapaswa kumaliza karibu kila mara, hata kama amechoshwa, kwa kuwa kilichobaki kulipwa ni kidogo na cheti ni kikubwa. Uvumilivu unaotazama mbele una kipimo: unaweza kusema unasubiri nini na utakijuaje kikifika. Uvumilivu wa gharama iliyozama hauna kipimo. Ukiulizwa unasubiri nini, unajibu kwa kuhesabu ulikotoka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kiakili. Je, si kweli kwamba tuliyojifunza njiani yana thamani? Bila shaka yana, na hapo watu wengi wanaochangamkia kanuni hii huiharibu kwa kuitumia kwa pupa. Ada imezama, maarifa hayajazama. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilijengwa reli ya kusini na bandari ya kina kirefu Mtwara. Karanga hazikuja. Reli ilikosa mizigo na miaka ya 60 ikafungwa. Bandari ilibaki, na leo korosho hupitia hapo. Hakuna aliyesema bandari ibomolewe kwa kuwa mpango ulioizaa ulikuwa upuuzi, na hakuna aliyepaswa kusema reli iendeshwe milele kwa kuwa chuma chake kilikuwa ghali. Kila kimoja kilipimwa kwa kazi kinachoweza kufanya baada ya hapo. Mwalimu anayetaka kuhamia utangazaji apime vivyo hivyo: uwezo wa kusimama mbele ya watu na kueleza jambo gumu kwa lugha nyepesi anaondoka nao, ila cheo na miaka ya kupanda madaraja anaiacha. Kama madaraja hayo yanakaribia kumpa pensheni nzuri, pensheni hiyo ni faida ijayo na inaingia kwenye hesabu kwa haki yake.

Pingamizi la tatu ndilo linalouma kwetu kuliko vitabu vya Marekani vinavyodhani. Huku mara nyingi aliyelipa si wewe. Baba aliuza ng'ombe, mama alitoa zamu yake ya mchezo, kaka mkubwa aliacha shule ili wewe uendelee. Kuacha kunaonekana kama kuwatemea mate. Inafariji kidogo kujua kwamba hata hili limechunguzwa: mwaka 2018 Christopher Olivola alionyesha kwamba watu huelemewa na gharama iliyozama hata pale aliyeilipa ni mtu mwingine, wakati mwingine asiye hata karibu nao. Lakini kuliita jambo mwelekeo wa akili hakulifuti deni. Deni lipo. Ninachosema ni kwamba deni lenyewe linatazama mbele. Aliyeuza ng'ombe hakununua miaka mitano ya mwanawe kukaa darasani. Alinunua mtu atakayesimama kwa miguu yake na siku moja amvute mdogo wake. Basi swali la heshima kwake ni njia ipi, kuanzia leo, italitimiza hilo vizuri zaidi. Kijana anayerudi nyumbani na jibu la swali hilo, lenye tarakimu na majina ya waliotangulia katika njia hiyo mpya, anawaheshimu waliomlipia kuliko anayekaa kimya mpaka afukuzwe chuo kwa kufeli. Na mzazi ana wajibu wake pia: kuacha kutumia ng'ombe kama hoja. Ng'ombe ni sababu ya kushukuriwa, haiwezi kuwa sababu ya mtu kuwa mfamasia.

Limebaki pingamizi la tumbo. Haya yote, atasema mtu, ni anasa ya nchi ambazo mtu huacha kazi Ijumaa akapata nyingine Jumatatu. Hapa ajira ikitangazwa wanajitokeza maelfu. Ni kweli, na ukweli huo unapaswa kuingia kwenye hesabu ukiwa mzima. Kazi mbaya inayolipa kodi ya nyumba inaweza kuishinda ndoto isiyolipa, na kubaki hapo ni uamuzi wa akili timamu. Mwanauchumi Steven Levitt alipowaalika watu waliokwama katika maamuzi ya maisha warushe sarafu ya intaneti na kuifuata, sarafu zaidi ya 20,000 zilirushwa, na miezi sita baadaye, kwa maamuzi makubwa kama ya kuacha kazi, waliobadili walisema wana furaha zaidi kuliko waliobaki pale pale. Matokeo hayo yananivutia, lakini nisingeyaleta Dar es Salaam au Kisumu bila tahadhari: walioshiriki walijitokeza wenyewe, na walikuwa tayari nusu kwa nusu kati ya kwenda na kubaki. Kinachoweza kuletwa huku ni fununu tu, kwamba mtu aliyefika kiwango cha kusitasita sawasawa pande zote mbili huenda ameshachelewa kidogo, maana gharama iliyozama imekuwa ikiukandamiza mzani upande mmoja bila yeye kujua. Tena, uchache wa nafasi hukata pande zote mbili. Asiye na akiba ana sababu ya kutokurupuka, na ana sababu hiyo hiyo ya kutomwaga mwaka mwingine pasipo na tumaini, kwa kuwa mwaka wake mmoja ni mali kubwa kuliko mwaka wa tajiri.

Njia za kujilinda si nyingi wala si ngumu. Bora kuliko zote hufanyika kabla ya kuanza: kuandika masharti ya kuacha wakati moyo bado umetulia. Duka hili nitalipa miezi minane. Mauzo yasipofika kiasi hiki kwa mwezi, nafunga, hata kama mwezi wa tisa unaonekana mzuri. Karatasi iandikwe na ishuhudiwe na mtu mwingine, kwa sababu wewe wa mwezi wa nane utakuwa wakili hodari wa kuendelea. Kwa masomo na kazi, jaribio dogo hufanya kazi hiyo hiyo. Wiki chache za kukaa hospitalini, ofisini au gereji kabla ya kujaza fomu ya chuo hugharimu nauli tu. Shule zetu zingefanya jambo la maana kuliweka hilo kabla ya kidato cha tano, si baada ya shahada.

Kwa ambao wamekwisha kuzama, matokeo ya Staw yanaonyesha mlango: aliyerithi uamuzi huuona vizuri kuliko aliyeufanya. Wakuu wengi wa mashirika hulijua hili bila kulisoma, ndiyo maana meneja mpya hufunga katika mwezi mmoja tawi ambalo mtangulizi wake alililea miaka. Mtu binafsi hawezi kujibadilisha meneja, lakini anaweza kuazima macho. Ampe rafiki asiye na hisa katika jambo hilo maelezo ya hali ilivyo leo, bila historia yake: nina umri huu, ninaweza haya, nina akiba hii, mbele yangu kuna njia hizi mbili. Historia aiache nje kwa makusudi, aone rafiki atachagua ipi. Kisha aieleze, na amwangalie usoni aone kama uso unabadilika kwa sababu ya hoja mpya au kwa sababu ya huruma.

Ubaya wa zoezi hilo ni kwamba wakati mwingine rafiki atasema baki, na waliokwisha kufungasha mizigo kichwani hawapendi kulisikia. Kuna watu wanaoacha kazi kila mwaka kwa jina la kujitafuta, na kwao ugonjwa si gharama iliyozama. Wao huona gharama ya hapa walipo kwa ukubwa wake wote na ya huko waendako hawaihesabu kabisa, kwa kuwa bado hawajailipa. Hesabu ile ile ya kuanzia leo, ikifanywa kwa unyofu, inawabana na wao.